Kompyuta Imekufa na Hesabu Zote Zimo Ndani: Tuanzie Wapi?

Waliokuwa wakiishi St. James Town mwaka 2018 hawajausahau mwezi wa Agosti. Tarehe 21 hitilafu ya umeme ilileta moto katika jengo la 650 Parliament Street, na wakazi wapatao 1,500 wakatoka na kile walichoshika mkononi. Wengi walidhani ni mambo ya siku mbili tatu. Ilipita zaidi ya mwaka mmoja kabla watu hawajaanza kurudi kwenye nyumba zao. Na kabla ya hapo, Septemba 24, 2010, moto ulizuka ghorofa ya 24 ya 200 Wellesley Street East, mtaa huohuo, na zaidi ya watu 1,200 wakalala nje ya kwao.

Tunaanzia kwenye moto kwa sababu unaonyesha jambo ambalo watu hulisahau. Katika ajali ya namna hiyo kompyuta yako inaweza isiguswe na mwali hata mmoja. Iko palepale mezani, nzima, ila wewe huruhusiwi kupanda juu kuichukua. Kihesabu ni sawa na kuipoteza. Mwezi ukiisha chama kinataka kujua nani kalipa, mdogo wako nyumbani anauliza kama ile hela ya mabati ilishatumwa, na mtu wa kodi anataka risiti. Hapo hutofautishi kati ya diski iliyoungua na diski iliyofungiwa mlango.

Sisi tunaofanya kazi ya uhasibu tunaiona hali hii mara nyingi kuliko watu wanavyofikiri, na mara nyingi hakuna moto wowote. Chai imemwagika kwenye kibodi. Mtoto amefuta folda. Kompyuta ya zamani iliyonunuliwa mkononi imegoma kuwaka. Ndani yake kulikuwa na hifadhidata ndogo, ya Access au jedwali la Excel, lenye miaka minne ya pesa zilizotumwa, michango ya chama, mikopo ya wanachama na gharama za nyumba inayojengwa nyumbani. Habari njema ni kwamba sehemu kubwa hurudi, mradi usiharibu mwenyewe katika saa ya kwanza.

Saa ya kwanza: acha kuigusa

Faili likifutwa, kompyuta haiendi kulichana. Fikiria lile daftari kubwa la mjumbe lenye orodha mbele: jina la mtu, na ukurasa wa habari zake. Kufuta ni kukata jina kwenye orodha tu. Ukurasa wenyewe bado umeandikwa, ila sasa kompyuta inauhesabu kuwa mtupu, na siku yoyote ikihitaji nafasi itaandika kitu kingine juu yake. Ndiyo maana kila dakika unayoendelea kuitumia mashine ile, ukifungua intaneti, ukitazama video, ukishusha programu ya kurudisha mafaili, unaweza kuwa unaandika juu ya hesabu zako mwenyewe. Watu wengi hulimaliza faili lao kwa kushusha dawa ya kuliokoa kwenye diski ileile.

Kwa hiyo zima. Usiwashe na kuzima mara kumi kuona kama itabadili mawazo.

Kuna tofauti moja kubwa. Hayo tuliyosema yanafuata sana diski za zamani, zile zinazozunguka. Kompyuta nyingi za miaka ya karibuni zina diski za SSD, na hizo zina utaratibu wao wa kusafisha nafasi ya faili lililofutwa, wakati mwingine dakika chache tu baada ya kufuta. Kwenye SSD faili lililofutwa kabisa mara nyingi limekwenda. Ukijua una SSD, usipoteze wiki nzima na programu za uokoaji. Tafuta nakala, kisha ujenge upya kama tutakavyoeleza.

Kabla ya fundi, tafuta nakala

Utashangaa nakala ngapi za faili lako zinazagaa duniani. Angalia pipa la taka la kompyuta. Kama folda zako zilikuwa zimeunganishwa na OneDrive au Google Drive, ingia kwa simu au kompyuta nyingine: zote mbili zina pipa lao, na kwa akaunti za kawaida faili lililofutwa hukaa humo siku 30. Jedwali la Google lina pia historia ya matoleo, unaweza kurudi kwenye lile la jana kabla mtu hajavuruga. Tafuta kwenye barua pepe ulizotuma, si ulizopokea tu, maana huenda ulimtumia mweka hazina faili mwaka jana. Tafuta kwenye WhatsApp, upande wa nyaraka, kwenye kundi la chama. Fungua ile flashi ya zamani iliyo kwenye droo ya vijiko.

Nakala ya miezi sita iliyopita si kitu cha kudharau. Ina maana una miezi sita ya kujenga upya, si miaka minne.

Ukikosa, na diski ni ya kuzunguka, na mashine bado inawaka vizuri, basi kuna programu za bure: Recuva na PhotoRec. Zisimike kwenye flashi ukitumia kompyuta nyingine, na kile kitakachopatikana kihifadhiwe kwenye diski ya nje, kamwe kisirudishwe kwenye diski unayoitafuta. PhotoRec ina nguvu ila hurudisha mafaili bila majina yake, kwa hiyo jiandae kufungua mamia ya vitu usivyovijua mpaka ukutane na chako. Ni kazi ya Jumapili moja na subira.

Faili lipo lakini halifunguki

Hii ndiyo hali tunayokutana nayo zaidi, na ndiyo yenye matumaini zaidi. Umeme ulikatika wakati Access inaandika, au flashi ilichomolewa haraka, sasa faili linalalamika kwamba limeharibika.

Kwanza nakili faili lenyewe, na ufanye majaribio kwenye nakala. Hili halina mjadala. Ukiona kando yake kuna kifaili kidogo chenye jina lilelile na mwisho wa .laccdb, hicho ni kufuli cha Access kuonyesha kwamba hifadhidata iko wazi mahali fulani. Funga kila kitu, hakikisha hakuna kompyuta nyingine inayoitumia, ndipo kiondolewe.

Access ina amri yake ya kukarabati, Compact and Repair. Inasaidia sana faili lililovurugika. Lakini tahadhari hii wengi hawaijui: kama shida yako ni kwamba mtu amefuta safu za michango ndani ya hifadhidata, usiiguse amri hiyo. Safu zilizofutwa hubaki ndani ya faili kwa muda, kama yale majina yaliyokatwa kwenye orodha, na kazi ya amri ile ni kubana faili kwa kutupa nafasi hizo. Ukishabana, hata mtaalamu hana pa kutafuta.

Ukarabati ukishindikana, tengeneza hifadhidata mpya, tupu, kisha ingiza majedwali kutoka kwenye ile mbovu, moja baada ya jingine. Mara nyingi jedwali moja tu ndilo bovu na mengine manane yanapita bila neno. Kwa Excel, usilibofye faili mara mbili; fungua Excel kwanza, nenda kulichagua, na kwenye kitufe cha kufungulia bonyeza kishale cha pembeni uchague Open and Repair. Ikigoma, itakupa njia ya kuchukua namba tu bila fomula. Chukua namba. Fomula utaziandika upya.

Mashine imekufa

Kompyuta kutowaka si sawa na diski kufa. Mara nyingi kilichokufa ni chaji, skrini au ubao, na diski iko salama. Fundi anaweza kuitoa na kuiunganisha kwenye kompyuta nyingine kwa kebo ya bei ndogo. Ila hapa kuna mtego: kompyuta nyingi za Windows siku hizi hufunga diski kwa usimbaji wa BitLocker bila mwenyewe kuwa na habari. Diski ikihamishiwa mashine nyingine itadai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuanzisha kompyuta. Kama kompyuta ulipewa na mtu na bado imeingia kwa akaunti yake, ufunguo uko kwake. Ni vizuri kuliangalia hilo leo, wakati bado inawaka.

Diski ikitoa mlio wa tik-tik-tik, au imeanguka ikiwa inafanya kazi, au imelowa maji, usijaribu mwenyewe. Usiitie kwenye mchele, usiiweke kwenye friza. Ushauri huo unasambaa sana na umeua diski nyingi. Hiyo ni kazi ya maabara ya kurejesha data, na gharama yake ni kubwa. Omba makadirio kwa maandishi kwanza, uliza kama unalipa hata wasipopata kitu, kisha uamue kama hesabu zile zina thamani hiyo. Mara nyingi, tutasema kweli, hazina, kwa sababu sehemu kubwa unaweza kuipata bure kwingine.

Na mtu akikupigia simu akisema anatoka Microsoft na ameona kompyuta yako ina shida, kata. Microsoft hawapigi simu nyumbani kwa mtu. Anataka umfungulie mlango wa akaunti yako ya benki.

Kila senti ina watu wawili

Shuleni tulifundishwa kwamba kila muamala una pande mbili. Ulipotuma dola 300, wewe uliandika kwako, lakini benki nayo iliandika, kampuni ya kutuma iliandika, na simu ya mama nyumbani iliandika. Hifadhidata yako ilikuwa upande mmoja tu. Sasa unakwenda kuuliza upande wa pili.

Anza na benki. Benki kubwa za Kanada huweka taarifa za akaunti za miaka kadhaa mtandaoni, zishushe zote. Kama ulifunga akaunti, itabidi uende tawini, na wanaweza kukutoza.

Kisha kampuni za kutuma pesa. Ukiwa ulitumia programu ya simu, historia yako kwa kawaida imo humo. Kama ulituma kwa fedha taslimu dirishani, sheria ya Kanada ya kuzuia utakatishaji wa fedha, inayosimamiwa na FINTRAC, inawataka wahifadhi kumbukumbu za pesa zilizotumwa za dola 1,000 au zaidi kwa angalau miaka 5. Chini ya hapo hawalazimiki, ingawa wengi wanazo. Sheria ya faragha, PIPEDA, inakupa haki ya kuomba taarifa zako mwenyewe, na kampuni inatakiwa kukujibu ndani ya siku 30. Omba kwa maandishi, taja jina lililo kwenye kitambulisho chako na miezi unayoitaka.

Upande wa nyumbani, mpokeaji anaweza kuomba taarifa ya miamala ya simu yake. Kenya, kwa M-Pesa, anapiga *334# au anatumia programu ya Safaricom, na taarifa inakuja kwa barua pepe ikiwa imefungwa kwa namba ya siri. Tanzania na Uganda aende kwa kampuni ya simu yake. Lazima aombe mwenyewe, wewe huwezi kumwombea, kwa hiyo ongea naye vizuri. Mtu anayeombwa taarifa ya simu yake ghafla anaweza kuhisi anachunguzwa. Mweleze kwamba kompyuta imekufa.

Kwa nini kujisumbua hivyo? Kwa sababu kodi. Ukidai punguzo la mwenzi anayeishi nje ya Kanada ambaye wewe ndiye unayemtunza, mamlaka ya kodi, CRA, inaweza kutaka uthibitisho wa malipo unaoonyesha jina lako, kiasi, tarehe, na jina na anwani ya aliyepokea. Jedwali lako la Excel peke yake halitoshi hata likiwa zima. Na nyaraka za kodi unatakiwa kuzitunza miaka 6 tangu mwisho wa mwaka wa kodi unaohusika.

Saa za kazi nazo zina upande wa pili. Wengi wa dada zetu wa kazi za ndani na kaka zetu wa mjengo huandika saa zao kila siku kwenye jedwali, na wanafanya vyema. Likipotea, kumbuka kwamba Ontario inamtaka mwajiri atunze kumbukumbu za saa za kazi kwa miaka 3, na wewe una miaka 2 ya kupeleka madai ya mshahara usiolipwa. Karatasi za T4 ziko kwenye akaunti yako ya CRA mtandaoni. Ujumbe wa simu wa "njoo saa moja kesho, utatoka saa tatu usiku" nao ni ushahidi. Upige picha na uutunze. Walioingia kupitia programu za walezi, ambazo kwa miaka mingi zilitaka miezi 24 ya kazi kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu, wanajua kwamba jedwali la saa linaweza kubeba maisha ya familia nzima.

Kisichokuwa na upande wa pili ni maelezo. Benki inajua ulituma dola 300 Machi, haijui zilikuwa za mabati au za ada. Hayo yamo kichwani mwako na kwenye mazungumzo ya simu. Yaandike wiki hiihii, kabla hujasahau na kabla shemeji hajakumbuka kivyake.

Chama kinahitaji njia yake

Hapa ndipo urafiki huvunjika, basi tutulie kidogo. Chukua mfano wa chama cha watu 12, kila mmoja dola 100 kwa mwezi, miezi 9. Michango inatakiwa iwe 12 mara 100 mara 9, dola 10,800. Mikopo mitatu ilitoka: 2,000, 1,500 na 800, jumla 4,300. Zimerudi 1,900. Basi benki inatakiwa iwe na 10,800 kutoa 4,300 kujumlisha 1,900, yaani dola 8,400.

Taarifa ya benki inasema 8,200.

Sasa mnatafuta dola 200, si dola 10,800, na mnajua hivyo kwa sababu mlianza na benki. Kila mwanachama alete uthibitisho wake: barua pepe za Interac e-Transfer, au ujumbe wa kundi uliosema "nimeweka". Jazeni gridi, majina upande mmoja na miezi upande mwingine. Visanduku vingi vitajaa jioni moja. Vikibaki viwili vitupu, msiandike kwamba wenye navyo hawakulipa. Andikeni "haijathibitishwa". Huenda mmoja alilipa taslimu na pesa hiyo haikupelekwa benki, na hilo ni swali la mweka hazina, si la mlipaji. Kosa hapa ni kumwachia mtu mmoja ajenge upya peke yake, kisha atangaze matokeo. Hata akiwa mwaminifu kama nini, hakuna atakayemwamini. Wawe watatu mezani. Wote wakikubaliana, wachapishe, watie sahihi, na salio hilo ndilo liwe mwanzo wa daftari jipya.

Nakala nje ya jengo

Daftari jipya likishaanza, nakala moja ikae kwenye kompyuta, moja kwenye flashi au diski ya nje, na moja mahali pengine kabisa: kwenye wingu, au kwa mwanachama anayeishi Scarborough. Flashi iliyolala kwenye droo chini ya kompyuta haikumsaidia mtu yeyote aliyezuiwa kupanda ghorofani mwaka 2018. Mara moja kwa mwezi hamisha majedwali kwenda faili la CSV, lile la maandishi matupu, kwa sababu linafunguka popote hata kama hakuna Access.

Kwa dada na kaka wanaolala kwa mwajiri tuna neno moja zaidi. Usitunze hesabu zako kwenye kompyuta ya bosi, wala kwenye akaunti ya barua pepe aliyokufungulia yeye. Kazi ikiisha kwa ugomvi unaweza kutolewa na begi lako saa hiyohiyo, na saa za kazi unazozidai zibaki ndani. Tumia akaunti yako na simu yako, na namba ya siri unayoijua wewe peke yako.

Na ijaribu nakala yenyewe. Peleka flashi maktaba ya St. James Town, 495 Sherbourne Street, keti kwenye kompyuta ya umma, fungua faili la CSV na uhakikishe safu ya mwisho ni ya mwezi huu. Ukimaliza lifunge, usilihifadhi pale, na usisahau flashi ikiwa imechomekwa.